Nta Ndani ya Gitaa la Shemeji

Shemeji yangu anaitwa Nipo, na ukimuuliza jina lake la kuzaliwa lazima afikiri kwanza. Hata kazini wanamwita hivyo hivyo, kule chini kabisa ya hoteli, kwenye chumba cha kupigia pasi. Kazi yake ni mashuka na vitambaa vya meza. Anayanyoosha, anayapiga pasi, anayakunja, na yakiisha yanashushwa mengine, maana wageni hawaachi kulala wala kumwaga mchuzi. Anarudi nyumbani vidole vimevimba, anakaa kwenye kiti bila kuvua viatu, na dada yangu anamletea maji ya moto huku akimgombeza. Dada ndivyo alivyo, hawezi kukupa kitu bila kukusema.

Jina la Nipo alilipata kwenye bendi. Enzi za ujana wao bendi nzima ilikuwa na maikrofoni moja, na hiyo ilikuwa ya mwimbaji, hakuna kugusa. Sasa walikuwa na wimbo mmoja wa mtu anayemtafuta mwenzake. Mwimbaji anaita, "Uko wapi?", vyombo vyote vinanyamaza, na mtu anatakiwa ajibu. Ajibu kwa kutumia nini, na maikrofoni ni moja? Shemeji ndiye aliyegundua kwamba gitaa lake, kwa ubovu wake, linasikia. Akiinama, akasogeza mdomo kwenye nyuzi na kusema kwa nguvu, sauti inatokea kwenye spika. "Nipo, nipo." Inatoka nyembamba, ina mikwaruzo, kama mtu anayeitika kutoka ndani ya mtungi. Watu walikuwa wanapagawa. Dada yangu alikuwa mmojawapo, ingawa leo ukimkumbusha atakwambia alikwenda pale kumsindikiza rafiki yake. Haya, tumekubali.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya. Mteja mgeni akiingia dukani na kumkuta mwanamke, huniuliza fundi yuko wapi. Namwambia ametoka kidogo, asubiri, halafu naendelea kumtengenezea redio yake. Siku hizi nimechoka hata na huo utani.

Kwa macho ya fundi, ile sauti iliyowapagawisha watu ilikuwa ugonjwa mtupu. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko haihesabiki. Wapigaji wanaziita pikapu, sijui kwa nini, hazibebi mchanga wala matofali. Kiwandani humwagiwa nta ili waya utulie. Miaka ikipita nta inakauka, inapasuka, na waya unaanza kutetemeka kwa kila kitu. Ukiongeza sauti, spika inautikisa waya, waya unairudishia spika, spika inautikisa tena, na kabla hujakaa sawa mluzi unakutoboa masikio. Juu ya hapo gitaa lilikuwa na mvumo, vuuu, mchana kutwa, hata asipopiga kitu. Dada alikuwa analiita gitaa lile "jibwa", na akilisikia linaanza sebuleni anatoka nje kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Basi hoteli ikatangaza muziki wa chakula cha mchana kila Jumapili, na bendi ya shemeji ikachukuliwa. Hebu fikiria. Miaka yote anaingia kwa mlango wa nyuma, anashuka ngazi za huduma, na sasa apande za mbele na shati safi, akae ukumbini kwenye vitambaa alivyovinyoosha mwenyewe. Hakusema alifurahi, si mtu wa kusema. Lakini dada aliniambia alikuwa anapiga miluzi bafuni, kitu ambacho hajakifanya tangu watoto wao wakiwa wadogo.

Kwenye mazoezi msimamizi wa ukumbi akaja kusikiliza. Gitaa likavuma, kisha likapiga mluzi wake. Msimamizi akasema wageni wanakuja kula, hawaji kuzibuliwa masikio. Kiongozi wa bendi, yule yule mwimbaji, ni rafiki wa shemeji wa siku nyingi, kwa hiyo alizunguka sana kabla ya kulisema: gitaa litulie kabla ya Jumapili, la sivyo nafasi yake itachukuliwa na mpigaji mwingine aliyekuja na gitaa jipya. Shemeji akaitikia tu, akalifunga, akarudi nyumbani.

Dada ndiye aliyeniletea gitaa, limeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Alilibwaga mezani kwangu akakaa.

"Mdogo wangu, litulize hili jibwa," alisema. "Nimechoka nalo, na yeye amechoka, lakini wakimwacha chini safari hii hatainuka."

Mvumo haukunisumbua. Waya wa ethi, ule unaomeza mvumo, ulikuwa umekatika, nikauchomelea upya, kisha nikabandika ndani ya tumbo la gitaa karatasi nyembamba ya shaba ili mvumo wa taa na mashine usiingie. Likawa kimya. Nikaongeza sauti kidogo, nikagonga pikapu kwa kalamu, na spika ikatoa ko, ko, ko, kama mtu yuko mlangoni. Nikainama nikasema haloo. Sauti yangu ikanijibu. Hapo nikaweka bisibisi chini, maana nilielewa ni nini ninachotakiwa kukiua. Kuna kazi nyingine hazifai kumfanyia mtu nyuma ya mgongo wake, nikamwita.

Alikuja ametoka kazini, ananukia mvuke na sabuni. Nikamweleza polepole. Mvumo umekwisha. Mluzi umebaki, na dawa yake ni moja, kuzichovya pikapu kwenye nta ya moto ili iingie katikati ya waya na kuushika. Zikishachovywa hazitasikia kitu kingine isipokuwa nyuzi.

"Hata mimi?" aliuliza.

"Hata wewe, shemeji."

Nikaanza kujitia kumsaidia. Nikamwambia siku hizi bendi ina maikrofoni tele, aombe moja. Akasema walishajaribu. Kiongozi alimpa, akaitika, na ikatoka sauti ya mzee aliyechoka, anayepiga pasi, wenzake wakawa wanaangalia chini, na yeye mwenyewe akairudisha. Nikamwambia basi nichovye pikapu moja, nyingine niiache. Tukaijaribu hiyo ya kuachwa peke yake, ikapiga mluzi mpaka muuza vyombo wa duka la pili akaja kuchungulia kama kuna mtu anachinjwa. Sikuwa na lingine. Nilijisikia vibaya, nikaanza kupanga misumari ambayo haikuhitaji kupangwa.

Shemeji alikitazama kiganja chake, akakifungua na kukifunga.

"Chovya," alisema. "Nimechoka kukaa chini."

Nikayeyusha mishumaa na kipande cha nta ya nyuki, sufuria ndogo ndani ya sufuria ya maji, kwa sababu nta ukiiweka motoni moja kwa moja inawaka, na ikichemka inakunja plastiki ya pikapu. Nikazishusha pikapu. Viputo vidogo vikaanza kutoka kwenye waya, vinapanda mfululizo, pale nta inapoingia na hewa inapotoka. Fundi anasubiri viputo vikome, ndipo anajua kazi imekamilika. Nilimvutia kiti, hakukaa. Alisimama akiviangalia mpaka cha mwisho.

Jumapili tulikwenda na dada, tukakaa karibu na mlango wa jikoni. Shemeji alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, maana katika nyumba ile hakuna mwingine anayeweza kumridhisha kwa pasi. Gitaa lilikuwa safi, kila uzi unausikia ulipo. Msimamizi alisikiliza wimbo wa kwanza na wa pili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Dada akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Nilijisikia fundi kwelikweli.

Ndipo wakaingia ule wimbo. Kiongozi akaita, "Uko wapi?" Vyombo vikanyamaza kama kawaida yao, na shemeji akainama kama kawaida yake. Sidhani kama aliamua, nadhani mgongo ulikwenda wenyewe. Niliona midomo yake ikitaja lile neno, mara mbili. Ukumbini zilisikika vijiko na uma. Kinanda kikawahi kuziba pengo, wimbo ukaendelea, na watu mwishoni wakapiga makofi kwa roho safi, wangejuaje? Dada hakupiga. Alikuwa ameshika glasi, anamtazama mumewe, na uso wake sikuuweza, nikageukia jikoni.

Jumapili iliyofuata wimbo ulikuwa umeunganishwa. Mwimbaji anauliza, na palepale ngoma zinaingia. Hakuna aliyemwambia shemeji lolote. Naye aliingia pamoja na wenzake bila kuchelewa, amesimama wima, uso kwa watu. Nafasi yake anayo mpaka leo. Nilipomuuliza anaonaje, alinishukuru sana, akasema afadhali, kule kuinama kulikuwa kunamuua kiuno. Nikamjibu ndiyo, shemeji.

Juzi dada akaja dukani bila shida yoyote. Hakuwa na redio mbovu wala ujumbe wa mtu. Akachukua kitambaa akaanza kunifutia meza, akifuta panapong'aa, akinisema kwamba naishi kwenye vumbi kama panya. Nikamwacha aseme. Alipomaliza kunisema aliendelea kufuta.

"Ile nta," akaniuliza bila kuniangalia, "haiwezi kutolewa?"

Nikamweleza. Imeshaingia katikati ya waya, na waya ule ni mwembamba kuliko unywele. Nikijaribu kuitoa nitaukata, na gitaa halitalia tena kabisa. Nilimwambia taratibu, kama ninavyowaambia watu kwamba redio ya marehemu haitengenezeki.

Akakunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya meza, akachukua mkoba wake.

"Basi usimwambie kama niliuliza."