Mma Gaolatlhe Aushonea Ubongo Nguo

Mma Gaolatlhe alishona nguo za harusi mjini Gaborone, na watu walimsifu kwa jambo moja: nguo yake ilikaa mwilini bila mkunjo. Ndiyo maana jirani yake Onalenna, mwalimu wa wanafunzi wa udaktari, alimletea ubongo wa plastiki aushonee nguo.

"Kwani unaolewa?" Mma Gaolatlhe akauliza, akicheka mpaka akatema pini.

"Nataka nguo mbili ziwe tando zake, Mma, zile ngozi nyembamba zinazoufunika. Ya ndani igandame kila bonde. Ya nje iwe nyepesi."

Ya ndani aliikata kwa hariri, ikakaa kama ngozi. Ya nje akaikata kwa kitambaa cha shela, nayo akaibana vilevile. Onalenna alipoiona alijikuna shingo.

"Imebana mno, Mma. Utando wa nje hauingii mabondeni, unapita juu kwa juu. Chini yake panabaki nafasi zenye maji, na shina la ubongo limekaa katikati ya maji hayo."

"Yaani ipwaye? Unataka waseme nimezeeka?"

"Ipwaye tu, mama yangu."

Mma Gaolatlhe alinuna mchana kutwa. Jioni akaifumua, akamwita Onalenna wale maandazi ya magwinya na chai huku wakipima. Onalenna akamwonyesha zile nafasi za maji, akiziita mabwawa: nyuma, chini ya ubongo mdogo, lilikuwapo kubwa kuliko yote. Mbele ya shina lilikuwapo jingine, ambamo mshipa mkubwa wa damu hupanda. Juu ya hilo, kati ya miguu miwili ya ubongo wa kati, jingine dogo. Na ubavuni maji yalizunguka kama mkanda. Kila bwawa Mma Gaolatlhe alilitilia kifuko cha maji ya buluu. Mshipa akaushona kwa uzi mwekundu.

Siku ya somo alialikwa, akavaa gauni lake la leteisi, kitambaa cha sherehe. Mwanafunzi mmoja, Thuso, alibonyeza bwawa la nyuma, na maji yakampa kidole nafasi.

"Aa! Kumbe ni utupu uliojaa!" akasema. "Kitabuni niliona mstari tu."

"Taratibu, baba, usinipasulie," Mma Gaolatlhe akamwambia, na darasa zima likacheka.

Walipomaliza kubonyeza, Onalenna alianza somo la sikio. Mma Gaolatlhe angeweza kwenda zake. Akavua viatu, akabaki kusikiliza.