Moshi wa Inobat Opa

Mimi kazi yangu ni kutukanwa. Nina meza, nina kiti chenye mguu mmoja mbovu, na nina daftari la malalamiko lililofungwa kamba, maana lile la kwanza mteja mmoja aliondoka nalo kwa hasira. Ukikodi gari kwetu hapa mjini Margilani likakuudhi, unaletwa kwangu, Ulmas. Nimeambiwa tangi lilionyesha nusu kumbe ndani mna harufu tu ya petroli. Nimeambiwa kiyoyozi kinatoa joto la tanuri. Kuna bwana mmoja alilipishwa mkwaruzo ambao mimi mwenyewe naujua, ulikuwepo kabla hajajua hata kuendesha, na ikabidi nimtazame usoni nimwambie suala lake tutalichunguza. Siku kama hizo nikifika nyumbani naapa sirudi tena.

Anayenifanya nirudi kesho yake ni Inobat opa, yaani dada mkubwa, kama tunavyomwita sote, anayeosha magari uani. Ana miaka hamsini na tisa. Alifanya kazi kiwanda cha hariri mpaka kilipofungwa, akaja kwetu kuomba kazi na ndoo yake mkononi, na mwaka wa kumi na moja huu hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa ile ndoo inavuja. Ni mfupi, mnene, na sauti yake inafika kwa muuza nyama ng'ambo ya barabara. Magari huyasema kama watoto wake wa kuzaa. Lile la kijivu analiita mvivu, na kweli ni vivu. Akileta sambusa za boga, wa kwanza kupewa ni mteja mwenye hasira, kwa sababu, anasema yeye, mtu akiwa na kitu mdomoni matusi hayatoki vizuri. Sambusa hizo zimeniokoa mara nyingi.

Basi mwaka juzi bosi wetu, Kudrat aka, yaani kaka Kudrat, akanunua kidude. Ni kadogo, kanaenea kiganjani. Ukikaingiza kwenye gari kananusa, kakikuta moshi kanawaka taa nyekundu. Kudrat aka alikuwa amechoshwa na viti kutobolewa kwa sigara, hapo simlaumu. Akabandika tangazo kwamba atakayevuta sigara garini asahau amana yake. Gari likirudi, mteja anaingia kwangu kutia saini, bosi anamalizia chai yake taratibu, kisha anatoka uani na kidude chake, amekunja uso kama daktari wa wilaya.

Jamani, ikawa nyekundu tu. Kila gari nyekundu. Daftari langu likajaa mpaka pembeni. Mwalimu mmoja aliandika: "Mimi nina pumu. Ningekuwa navuta sigara mngekuwa mmeshakula ubwabwa wa hitima yangu." Bibi wa miaka sabini na mbili aliyekodi gari kwenda kumwona dada yake aliandika kurasa mbili, na ukurasa wa pili wote ni laana. Nami, mjinga wa kutupwa, nikawa najiambia mji huu umejaa waongo. Nilimshuku hata yule bibi. Nasema kweli, nilimtazama vidole.

Ndipo akaja Mirsaid. Huyu ni kijana mfumaji wa hariri, mpole, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alikuwa amekodi gari letu jeupe kupeleka masinia ya mikate na halua nyumbani kwa mchumba wake, Hilola, siku ya kukata maneno ya ndoa. Baba yake binti ni Tolib aka, daktari wa mapafu, amechungulia vifua vya watu miaka thelathini, na alitoa binti kwa sharti moja tu: mkwe asiguse sigara. Mirsaid alikuwa mvutaji tangu jeshini. Kwa ajili ya Hilola aliacha, na alikuwa na miezi kumi na minne bila hata moja. Siku ya kurudisha gari, Tolib aka alikuwa naye, kwa kuwa walikuwa wanaunganisha kwenda sokoni kununua mchele wa harusi. Walipotoka mezani kwangu, akasimama uani na kuiona taa nyekundu kwa macho yake. Alivaa kofia yake akaenda nyumbani kwa miguu, na jioni ile masinia yakarudishwa kwa mama yake Mirsaid kama yalivyokwenda, hata mkate mmoja haujamegwa. Kwetu ukirudishiwa masinia namna hiyo, huna uchumba tena.

Ilikuwa kesho yake, Jumatano, kijana alipokuja mezani kwangu. Harusi ilikuwa iwe Jumapili. Nikafungua daftari, nikaanza wimbo wangu wa tutalichunguza suala lako, akanikatiza.

"Aka, pesa kaeni nayo," alisema. "Mimi nataka mniandikie tu kwamba sikuvuta."

Nikamwambia siwezi kuandika kinyume cha mashine. Nilisema hivyo, na bado naona haya. Mirsaid akainamisha kichwa juu ya meza, akalia.

Inobat opa alikuwa anafuta kioo cha dirisha kwa nje, na masikio yake hayajawahi kupitwa na kitu. Akaingia ameshika kikaango chake kikuukuu, ndani mna majani ya isirik yanafuka, akaanza kumzungushia kijana moshi kichwani, mara tatu, huku akinong'ona dua zake. Kijana wa watu amepigwa jicho, alisema, mzuri hivi, mchumba mzuri hivi, nani asimwonee kijicho. Kudrat aka naye alikuwa amekiacha kidude mezani kwangu akaenda kujaza birika.

Kikawaka nyekundu.

Nikakitazama kidude. Nikakitazama kikaango. Hebu nielewe: hapa kwetu hakuna nyumba wala duka lisilofukizwa. Asubuhi mwanamke anapita na isirik yake, anafukuza husuda, anaenda zake. Pua zetu zimeizoea hata hatuisikii tena, na ukimuuliza mtu wa Margilani kama kuna moshi hapo, atakwambia hakuna. Nikamuuliza opa kama na magari huwa anayafukiza.

"Nisiyafukize?" akashangaa. "Gari limetoka njiani, limetazamwa na watu wote wale, nilikaribishe hivihivi? Likiingia tu getini nalifukiza, hata kabla ya maji."

Halafu ikamwingia. Alikaa kwenye kiti changu kibovu, uso umemshuka, nikamwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu mzima.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Kudrat aka alirudi na birika lake, akasikia yote, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga mlango. Alitusihi tuzungumze kwa sauti ya chini. Habari hizi zikitoka, alisema, mji mzima utakuja kudai amana, na opa asisahau nani anamlipa mshahara. Nilidhani opa atanyamaza. Alichofanya ni kunyanyuka, akachukua kikaango kwa mkono mmoja na kidude cha bosi kwa mkono wa pili, akamwambia Kudrat aka amfungulie mlango, maana mikono yake imejaa. Na bosi akaufungua. Mpaka leo hajui kwa nini.

Tulikwenda watatu kwa daktari, opa mbele na aproni yake iliyolowa, mimi na Mirsaid nyuma. Mirsaid alikataa kuvuka kizingiti cha Tolib aka. Akabaki nje kando ya ukuta. Daktari alitupokea uani kwa adabu, lakini kwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Opa akaanza kueleza, na kabla hajawasha hata jani moja, kidude mkononi mwake kikawaka nyekundu.

Akageuka. Kule jikoni mke wa daktari alikuwa ametokeza mlangoni, macho mekundu kwa kulia, na kikaango cha isirik kinafuka mkononi. Nyumba yenye ugomvi lazima ifukizwe.

Inobat opa akamwonyesha daktari taa.

"Basi, Tolib aka, mkeo anavuta sigara," alisema. "Mrudishe kwao leo hii, na masinia yake."

Mke ndiye aliyecheka kwanza, akiwa bado na machozi. Daktari alikichukua kile kidude, akakisogeza kwenye kikaango cha mkewe, kikawaka; akakipeleka mbali chini ya mzabibu, kikazima. Alirudia mara tatu, mtu wa vipimo yule. Kisha akakitia mfukoni mwa aproni ya opa, akavuta pumzi ndefu, akatoka nje ya geti bila kofia.

Mirsaid alikuwa amechuchumaa ukutani. Alipomwona aliruka wima akaanza kuomba radhi, kama kawaida yake, kwa kosa ambalo hata hakulifanya.

"Mimi ndiye wa kuomba," daktari alimwambia. "Ingia ndani, mwanangu. Hilola hajala tangu jana."