Jumapili Mbili Bila Ibada

Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni pa kanisa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Ibada imesimama mpaka mhudumu mwingine afike." Bi Tirza aliisoma, akairudia, kisha akageuka kutafuta mtu wa kumgombeza. Hakukuwa na mtu. Waumini waliotangulia walikuwa wameshasoma na kurudi makwao.

Bi Tirza binti Kapela ni fundi cherehani wa Madungu, mama wa miaka hamsini na minane, na watoto wengi wa skuli za Chake Chake wamevaa sare za mkono wake. Baba yake alivuka kutoka Tabora kuja kuchuma karafuu. Msimu ulipokwisha, hakurudi. Akaoa, akazaa na akazikwa hapa hapa. Mtu akimuuliza Bi Tirza kwao wapi, humjibu, "Pemba." Akiulizwa kwao hasa, hujibu, "Madungu," mpaka muulizaji achoke mwenyewe.

Kanisa lao ni dogo, watu arobaini wakijaa. Mwinjilisti wao alikuwa amepatwa na maradhi ya figo, akapelekwa Unguja kutibiwa. Hilo lilikuwa jambo la kusikitisha, wala hapana aliyekosa. Lakini Mzee Elikana, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliyeushika ufunguo wa mlango ule tangu Bi Tirza hajaolewa, aliona bora kufunga.

Si kwamba mtu wa kuongoza hakuwepo. Drusila alikuwepo. Ni binti wa miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyefundisha kwaya na watoto wa Jumapili kwa miaka minne. Alikwenda kwa Mzee Elikana kwa adabu zote, akaomba aongoze sala, nyimbo na somo. Alirudi kwa Bi Tirza macho mekundu.

"Kanambia nini, mama? Kanambia, 'Juzi tu nimekushika mkono kwenda kubatizwa. Subiri ukue.'"

Subiri ukue. Bi Tirza alisikia damu ikimpanda kichwani, maana maneno hayo aliwahi kuambiwa yeye, akiwa na miaka kumi na tisa, akasubiri mpaka nywele zikaota mvi. Na lilikuwepo lingine, baya zaidi, ambalo hakupenda kulikumbuka. Mwanawe Yese, alipokuwa na miaka kumi na minane, aliandika mahubiri kurasa nne, akawasomea wazee. Katikati alikosea jina la nabii, wazee wakacheka. Yese akakunja karatasi zake, asizikunjue tena. Leo yuko Dar es Salaam, anatengeneza magari, na Jumapili yake ni ya kufua nguo. Siku ile Bi Tirza alikuwemo chumbani. Naye alicheka, kidogo, ili wasimwone mama asiyejua adabu.

Jumapili ya pili ikapita, mlango umefungwa.

Jumatano yake akaja jirani, Bi Mwanawema, kuchukua kanzu ya mjukuu wake. Ramadhani ilikuwa imekaribia.

"Hujamaliza tu, shoga? Nifanyie haraka. Talib ndiye atakayetuswalisha tarawehe mwaka huu. Keshahifadhi Qur-ani yote, mashaallah."

"Talib huyu huyu? Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Na babu yake aliyeswalisha miaka yote je?"

Bi Mwanawema akamtazama kama aliyeulizwa jambo la kitoto. "Babu yake atasimama nyuma yake. Asimame wapi tena?"

Bi Tirza alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. Aliimaliza kanzu kwa kuwa kazi ni kazi, akaikunja vizuri, akamkabidhi Bi Mwanawema. Kisha akajifunga kanga yake, akatoka, moja kwa moja mpaka kwa Mzee Elikana.

Alimkuta barazani anasoma gazeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Yese. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kuuliza, kanisa limefungwa kwa amri ya nani?"

"Baraza la wazee. Tumeandika barua bara. Mhudumu atakuja."

"Lini?"

"Wakati wa Mungu ukifika."

"Usimsingizie Mungu, mzee! Mungu hakubandika karatasi ile." Alisogea hatua moja karibu. "Kila mkutano mnalalamika, vijana wamepotea, vijana wametekwa na simu. Huyu hakupotea. Kaja mwenyewe mpaka mlangoni pako, umemfukuza. Sasa nani aliyempoteza nani?"

"Tirza, hekima huja na umri."

"Wa kwako umekuletea hekima ya kufunga kanisa?"

Mzee Elikana akalikunja gazeti polepole. "Ufunguo ninao mimi," akasema.

"Basi kaa nao."

Jumapili ya tatu Bi Tirza alifika mapema, akatandika mkeka uani, mbele ya mlango ule uliofungwa. Alikuwa amewapitia watu nyumba kwa nyumba tangu Alhamisi. Walikuja kumi na saba. Wengine walisimama mbali, karibu na uzio, wakiogopa kuonekana wameasi.

Drusila akasimama. Alianza wimbo kwa sauti ya juu mno, ikabidi aanze upya. Safari hii hapana aliyecheka. Bi Tirza alikuwa amewakazia macho wote. Drusila akasoma habari za nabii Yeremia, aliyesema yeye ni mtoto na Bwana akamkataza kusema hivyo. Akaeleza kwa dakika kumi, bila madoido, jua likiwapiga utosini. Alipomaliza, waliosimama uzioni walikuwa wameketi mkekani.

Mzee Elikana hakuja siku ile. Alikuja Jumapili iliyofuata, mvua ikinyesha, akawakuta wamejibana chini ya ukingo wa paa na watoto wao. Akafungua, akaenda kuketi kiti cha nyuma, mikono kifuani.

Mhudumu mpya alifika baada ya miezi miwili. Alikuta kwaya hai, watoto wanafundishwa, na ibada zinaongozwa kwa zamu na Drusila pamoja na kijana muuguzi aitwaye Nehemia, mmoja wa wale kumi na saba wa uani. Akafurahi sana, akaitisha mkutano na kutangaza kwamba wote wawili wataingia baraza la wazee wakiwa na sauti kamili.

Mzee Elikana akainuka, akakohoa. "Tunamshukuru Mungu," akasema, "kwamba sisi wazee tuliona mbali, tukawapa vijana nafasi."

Watu wakapiga makofi. Bi Tirza hakupiga. Alisimama.

"Hamkuwapa," akasema. "Waliitwaa wenyewe, nje, juani, nyinyi mkiwa majumbani kwenu. Na wako waliokuja kabla yao, tukawacheka. Nami nilikuwamo. Hao hawapo hapa kupigiwa makofi."

Mhudumu akainamisha macho kwenye daftari lake. Drusila alitaka kumvuta kanga aketi, lakini akauona uso wake, akamwacha.

"Endeleeni," Bi Tirza akasema, na akabaki amesimama mpaka Mzee Elikana akaketi kwanza.