Mume Wangu Ananiondoa kwa Maneno Huku Amenikumbatia

Mhariri, jina langu lifiche na kijiji usikitaje, sema tu ni huku juu Lushoto, maana hapa tunajuana mpaka kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na mitatu. Wazazi wangu walitoka Songea kuja kuchuma chai, mimi nikaolewa na Mshambaa. Huu ni mwaka wa tisa na mtoto sijapata. Mama mkwe hana ubaya, lakini kila nikimpa shikamoo macho yake yanaishia tumboni kwangu. Nimechoka jamani!

Mume wangu anapeleka kabichi na karoti Dar tangu biashara iwe huria. Safari moja akarudi na kijitabu cha fotokopi alichonunua barabarani. Kinafundisha kwamba mke na mume washinde na njaa, wapumue kwa kuhesabu huku wakitazama mshumaa mpaka chumba kianze kuzunguka, halafu wakutane kimwili. Ile dakika mtu anapojisahau, ndipo neno analolitamka linashika, linakuwa kweli.

"Usiseme naomba," akaniambia. "Anayeomba hana. Sema ninacho."

"Huu si uchawi?" nikamuuliza. Mimi ni Mlutheri, naimba kwaya.

"Uchawi ni kumroga mtu. Sisi tunajisemea wenyewe."

Tukakubaliana neno moja: Tuna mtoto. Tukachagua Jumamosi mchana, mama mkwe akiwa sokoni. Kusema kweli, mara ya kwanza nilicheka mpaka mshumaa ukazimika. Mara ya tatu sikucheka. Kichwa kilikuwa chepesi, vidole vimekufa ganzi, na nilipojisahau nililisema neno letu kwa sauti, machozi yananitoka. Niliamini kabisa. Sijawahi kumpenda mume wangu kama siku ile.

Jumamosi ya tano akajisahau yeye. Akatoa neno lake, ila kwa Kishambaa. Sasa wasomaji, mimi Kishambaa sikiongei. Nilipoolewa nilijaribu, mawifi wakanicheka, nikaacha, nikawa najibu kwa Kiswahili. Mume wangu anadhani najua salamu tu. Miaka tisa jikoni na mama yake, nisielewe? Alisema, "Huyu mke ameshaondoka kwangu. Ameondoka kwa amani. Mwingine ameshaingia." Akarudia mara tatu, amenikumbatia vilevile.

Baadaye nikamuuliza umesema nini, akatabasamu. "Si lile neno letu, mke wangu." Muongo mkubwa! Nikaenda kumpikia.

Wiki iliyopita nimepimwa hospitali, nina mimba ya miezi miwili. Badala ya kupiga vigelegele nilikaa pale kwenye benchi nikijiuliza. Kama neno langu limeshika, na lake je? Habari ya mimba hajui, na kila Jumamosi anawasha mshumaa. Nikikataa atauliza sababu. Nikimwambia nina mtoto, sitajua kama amenibakiza mimi au amelibakiza tumbo. Nikifungasha nguo zangu niende kwa mama, si nitakuwa nimelitimiza neno lake kwa miguu yangu mwenyewe?

Jumamosi inakuja tena. Ndugu zangu, mnaonisoma, mnishauri mapema: nikiwa kifuani pake nimjibu kwa Kishambaa, au nimwache aendelee kuniondoa?