Nyanya Alipoua Mmoja Tu

Kazi yangu mjini Kisii ni kuhariri video za mazishi. Wateja ni familia zenye ndugu ng'ambo ambao hawakuweza kuja kuzika, basi wanatumiwa kilio chote kwenye simu: jeneza likishushwa, kwaya, hotuba za wakwe, udongo. Nimeketi mbele ya kioo cha kompyuta na mama wa watu analia, nikirudia pale pale mpaka nijue ni neno gani litamkata sauti. Ndiyo maana filamu za kutisha nazipenda zikiwa na maiti wengi. Kazini maiti huwa mmoja, na huyo mmoja hunichosha wiki nzima. Nikitoka pale nataka kuona watu wakianguka kama migomba iliyopigwa na mvua ya mawe, nicheke, nikalale.

Ndugu yangu mdogo hajawahi kukubaliana nami katika hilo. Tulikulia karibu na soko la Ekerenyo, ambako kulikuwa na kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na televisheni iliyofungiwa nyuma ya wavu wa chuma. Humo waliokufa walihesabiwa kwa sauti, kibanda kizima, moja, mbili, tatu, na ikifika kumi na kitu hakuna aliyeogopa tena, ni vicheko tu na njugu. Mimi nilihesabu na wenzangu. Yeye alikasirika. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza yule wa kwanza alikuwa mtoto wa nani, na mama yake alipelekewa habari na nani. Nikimwambia ni sinema tu, alinuna mpaka chakula cha jioni.

Alipokuwa mtu mzima akanunua kamera kuukuu na kuamua kutengeneza filamu yake mwenyewe. Alihitaji mchawi. Hakumtafuta mbali.

Kwetu mjukuu na nyanya yake ni watani. Nyanya ataniita mke mwenzake, nami nitamwambia meno yake yamehamia kaburini kumtafutia nafasi, na hakuna wa kukasirika. Huyu tuliyekuwa naye alikuwa mke mdogo wa marehemu babu. Hakujaaliwa mtoto, akabaki peke yake kule Gesima kwenye kipande cha majani chai alichoachiwa. Tangu utoto wetu ndugu yangu alimwita omorogi, yaani mchawi, naye alimjibu kwamba ni kweli, na maini yake ameshayapangia siku. Mtu mwingine akimwita mwanamke mzee hivyo katika milima hii, si mzaha. Wazee wamechomwa moto wakiwa hai kwa neno hilo. Tulilijua hilo sote. Lakini kinywani mwa mjukuu neno lilikuwa tamu, na hatukuwaza kwamba filamu haina ukoo. Anayeitazama hajui ni mjukuu anayetania.

"Nitavaa nini?" ndilo swali pekee ambalo Nyanya aliuliza.

Tulipiga filamu likizo ya Desemba, na kijiji kizima kilitaka kufa. Vijana wa bodaboda walitaka kufa, walimu walitaka kufa. Baba mdogo, mtoto wa mke mkubwa wa babu, ambaye shamba lake limepakana na la Nyanya, alisisitiza afe kwa panga katikati ya majani chai yake mwenyewe. Damu tuliipika kwa sukari nguru na rangi nyekundu ya keki, na nyuki wakaipenda kuliko sisi. Baba mdogo alikufa vibaya sana, maana kila nyuki alipotua shavuni, maiti alipepesa macho. Nyanya alicheka hadi akaomba kushikwa. Mwisho tukawa na maiti kumi na wawili, nami nikaona tuna filamu.

Ndugu yangu alikuja studio kwetu, tukaitazama tangu mwanzo. Ilipokwisha, akasema tuwaondoe kumi na mmoja.

"Una wazimu?" nikamwuliza. "Watu wametoka mbali waje wakufe."

"Dada, watu wakikufa wengi hivi inakaa kichekesho. Wa kwanza ukimwona unashtuka. Wa tano unaanza kuuliza huyu atakufa aje. Ukifika wa kumi, hata wewe mwenyewe umechoka kumwogopa Nyanya."

"Na shida iko wapi wakicheka?"

"Sitaki wacheke. Nataka mtu aende nyumbani akiogopa kufungua mlango wa jikoni."

Tulibishana mchana kutwa. Nilimwambia mtu amezika watu wake kijijini juzi, hataki kutishwa tena, anataka kifo kirundikwe mpaka kiwe upuuzi. Yeye aliniambia kwamba nimezoea maiti hadi nimeota sugu. Kwa sababu filamu ilikuwa yake, nikakata alivyotaka.

Alibakiza msichana mmoja wa kwaya. Mama yake anamtuma kuomba moto kwa Nyanya. Anaingia jikoni, kamera inabaki uani, kuku wanadonoa. Nyanya anatoka peke yake, anaketi kigodani na kuchambua chinsaga, jani kwa jani, kama mwanamke yeyote anayewaza mboga ya jioni. Mama mtu anaanza kuita kutoka ng'ambo ya kijito. Anaita, anaita tena. Nyanya anainua uso, anaitazama kamera, kisha anarudi kwenye mboga zake. Basi. Hakuna damu hata tone. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera nikimkonyeza, na ule mkazo unaouona usoni mwake ni mtu anayezuia kicheko. Lakini nilipomaliza kuhariri niliogopa kwenda msalani, na choo kiko ndani ya jengo. Ndugu yangu alinishinda, nami nasema hivyo bila kinyongo.

Ikasambaa kwenye simu. Waliotolewa walilalamika kwamba wamekufa bure, na baba mdogo alikaa mwezi mzima hajibu salamu ya ndugu yangu. Wengine wote waliikumbuka sura ya Nyanya. Kituoni, kwenye foleni ya kupima majani chai ya kuuza, wanawake walianza kumwachia nafasi mbele na nyuma. Alituambia hilo akicheka.

Kisha mtoto wa jirani yake akafa. Alikohoa, akapata homa, akapelekwa hospitali akiwa amechelewa. Mimi nimerekodi mazishi ya watoto wengi waliokufa hivyo. Safari hii watu walikuwa wamekwisha kuona, kwa macho yao, mtoto akiingia jikoni kwa yule mwanamke na asitoke.

Nilikuwa pale siku ya kuzika, si kikazi, bali kama mjukuu wa jirani yao. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Watu walipita kaburini mmoja mmoja kutupa udongo. Nyanya alifika, akainama kwa shida ya magoti yake, akachota. Baba wa mtoto akamshika mkono. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alimfungua vidole kimoja kimoja mpaka udongo wote ukaanguka kando ya shimo, kisha akajifuta mkono kwenye suruali. Mchungaji aliendelea kusoma. Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu, mtu akinyimwa udongo wa maiti, ameshahukumiwa.

Nilimwomba aje akae nami Kiogoro, ninakopanga chumba. Alikataa. Nyumba yake ilikuwa pale, majani yake yalikuwa pale, na babu alilala upande wa kulia wa ua akimsubiri. "Nikiondoka nimekiri," akasema. Hilo ndilo lililokuwa mezani kuanzia siku hiyo: kama Nyanya ataruhusiwa kuzeeka nyumbani kwake na kuzikwa hapo, au la.

Waliichoma nyumba mchana, yeye akiwa kituoni na kikapu chake. Mashine ya kupimia ilikuwa imeharibika, foleni ikachelewa, na hiyo ndiyo sababu yu hai. Alipoona moshi alidhani ni mtu anachoma mabua makavu ya mahindi. Majirani walisimama mpakani mikono kifuani. Baba mdogo alikuwa miongoni mwao, na alipoulizwa na chifu alisema hakutambua mtu. Tulimchukua Nyanya jioni hiyo hiyo na kikapu chake, majani yakiwa bado humo, akaja kwangu akisema ni kwa muda tu.

Ndugu yangu aliacha kula vizuri. Aliifuta filamu kila mahali alipoweza, kazi bure, ni sawa na kuzoa maji yaliyomwagika. Ndipo akaja kwangu na kuniambia neno ambalo sikutarajia kulisikia kwake maishani.

"Rudisha maiti wote."

Nilielewa mara moja. Tungeionyesha hadharani, na wale kumi na wawili wakiwa wamekaa pale pale, wazima, na nyuki zao. Watu wangecheka. Mtu huwezi kumwogopa mchawi uliyemcheka, ndivyo nilivyoamini tangu kibandani. Nilirudisha kila pigo la panga na kila kope iliyopepesa. Sijawahi kuhariri kitu kwa moyo mzito namna ile, na kilikuwa kichekesho.

Chifu alituruhusu kutumia ukumbi wa soko la Gesima Jumapili alasiri, kwa kuwa wengi ni Wasabato na Jumamosi wako kanisani. Nyanya alisema lazima aje. Alijifunga kitambaa chake kizuri, akaomba akae benchi la mbele. "Waone nikicheka," akasema.

Tulipopita njia ya nyumbani kwake niliona kwamba palipokuwa nyumba pamelimwa na kupandwa miche ya chai, mistari imenyooka vizuri. Ilikuwa kazi ya baba mdogo, ambaye alisema ardhi haifai kulala bure. Nyanya aliiona pia.

Ukumbi ulijaa. Wa kwanza alipokufa watu waliguna. Wa tatu alipoanguka mtu akaanza kuhesabu, wengine wakadakia, na baba mdogo alipopepesa macho kwenye damu ya sukari ukumbi mzima ulipasuka. Yeye mwenyewe alisimama akapunga mkono. Nyanya alikuwa akicheka kwa bidii, mkono mdomoni, akigeuka huku na huku ili aonekane. Nilimtazama ndugu yangu na kwa mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa ananyoosha mabega.

Kisha ukaja uso wa Nyanya kwenye ukuta. Ule ule, juu ya mboga. Nilikuwa nimeuweka mwishoni baada ya maiti wote, nikidhani kwamba kufikia hapo umeshakufa makali.

Ukumbi ukanyamaza. Si wachache, wote, hata wale kumi na wawili. Nikasikia mabenchi yakiburutwa. Mwanamke aliyekuwa karibu nasi alimpakata mtoto wake na kumfunika macho, lakini hakuwa anamfunika asione ukuta. Alimgeuzia uso mbali na benchi letu. Nyanya aliendelea kucheka peke yake kidogo, kisha akaacha.

Watu walitoka bila kusukumana, wakiliacha benchi la mbele wazi pande zote. Nyanya alinishika mkono ili asimame.

"Kule kwako Kiogoro," akaniuliza, "mwenye ploti anakubali kuku?"

"Atakubali, Nyanya."

"Na nikifa huko, mtanirudisha?"

"Tutakurudisha," nikasema, tena kwa sauti kubwa, maana baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni karibu nasi. Alisikia. Akamwambia mkewe watangulie kabla mvua haijaanza, na wakaondoka.