Onesmus na Kisima Kilichotoboa Udongo

Saa kumi na moja alfajiri, Onesmus Mutisya anafungua bomba la kisima, anakinga maji kwa kiganja, anayaonja na kuyatema. Kisha anatoa kipimo cha chumvi mfukoni, ingawa ulimi umeshamwambia. Kipimo kinasoma elfu sita na mia mbili. Mwaka jana, mwezi kama huu, kilisoma elfu moja na mia tisa.

"Kila siku naomba Mungu chumvi irudi chini hata kidogo," anasema. "Hairudi."

Ana miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kitui, na huu ni mwaka wake wa saba akitunza pampu katika shamba moja pembezoni mwa Dubai, mbele ya mtaa wa Rashidiya. Matango yalishakufa. Ndimu zimeanza kuungua ncha za majani. Mitende inavumilia, lakini mitende peke yake haiwezi kuwaweka kazini watu wanne. Kisima kikiharibika shamba linafungwa, na viza zao zinakwenda nalo.

Hofu hiyo ingemtosha mtu yeyote. Ya Onesmus ina nyongeza: anajua ni nani aliyeyaleta maji hayo ya chumvi.

Kwao Kitui, kiangazi kikikaza, watu huchimba mchanga wa mto uliokauka. Maji yakipungua wanachimba zaidi, na kadiri wanavyoshuka ndivyo yanavyozidi kuwa matamu. Onesmus hakuwahi kuona vingine. Basi miaka miwili iliyopita, kisima cha zamani kilipodhoofika, wakaanza kuchimba kipya. Walipofika mita arobaini, mtambo ukaleta juu udongo wa kijivu unaonata, na mchimbaji akataka kuishia hapo. Mwenye shamba, Bwana Khalfan, alikuwa safarini na alikuwa amemwachia Onesmus neno la mwisho. Onesmus akasema washuke.

Walishuka hadi mita sabini na tano. Maji yalipatikana tele, mwanzoni chumvi yake ikiwa ndogo, na siku hiyo walichinja mbuzi.

Aliyemfumbua macho ni Munir, fundi wa visima mwenye asili ya Unguja, aliyeitwa mwezi uliopita. Alimweleza kwamba chini ya ule udongo kuna tabaka jingine la maji, ya kale na ya chumvi. Pampu ikinyonya maji matamu ya juu, mgandamizo wake unapungua, na yale ya chini yanapanda kupitia tundu. Hata kisima cha zamani, hatua sitini kutoka hapo, kimeshaingiwa na chumvi.

"Udongo ule ndio uliokuwa ukiyazuia, kaka," Munir alimwambia. "Mmeutoboa, na kila mkiwasha pampu mnayavuta."

Onesmus alikaa siku mbili akiwaza. Angeweza kusema ardhi ya huku ndivyo ilivyo, nani angembishia? Ijumaa, baada ya sala, alimfuata Bwana Khalfan na kumwambia yote.

Mzee hakupaza sauti. Aliuliza tu nani aliamua kuupita udongo.

"Nikamwambia, ni mimi, arbab," anasimulia Onesmus; ndivyo huku wanavyomwita bosi.

Mzee alimaliza kahawa yake. Halafu akasema khalas, yaani basi: chini pazibwe kwa saruji, pampu ifanye kazi saa mbili kwa siku badala ya kumi na nne, na wangoje siku tisini. Kipimo kisiposhuka, anauza shamba. Munir naye hatoi ahadi, kwa sababu chumvi iliyokwishapanda inaweza kukaa miaka.

Saruji inaingia Jumapili. Wenzake watatu, anaokula nao sinia moja, bado hawajui kwamba chumvi hiyo ilitokana na uamuzi wake. Amepanga kuwaambia leo mchana, kabla hawajasoma habari hii gazetini.

"Nikinyamaza na simiti ishike, watanishukuru bure. Isiposhika, watarudi kwao wakilaumu maji," anasema. "Wacha wanilaumu mimi. Halafu tungoje pamoja, kama watakubali kukaa na mimi."