Ndala ya Baba Mkwe

Pikapu zenye gia ya usukani sizioni tena. Kila nikiikumbuka ile ya marehemu baba mkwe, kule Nambambo, nacheka kwa aibu.

Mwaka tisini na saba gia zake ziligoma kushika. Bushi, vile vijiduara vya mpira vinavyoshika fimbo za gia chini ya boneti, zilikuwa zimelika, na Nachingwea nzima nilizikosa. Kando ya banda la kuku nikaona ndala moja ya bluu. Nikajua imetupwa. Nikaikata bushi, nikazipachika, nikarekebisha fimbo, gia zikawa laini ajabu.

Jioni baba mkwe akazunguka uani na ndala ya mguu mmoja. Akasema ni mbwa tu huyo. Nami, mwanamume mzima, nikamfokea mbwa.

Kesho yake tukaenda mnadani Ruangwa. Njia nzima alinisifu, na tulipofika akawaita wazee wenzake.

“Fungua boneti, mwanangu, wauone ufundi wako.”

Nikafungua. Akainama, akazitazama zile bushi za bluu, kisha akanigeukia taratibu.

“Kumbe mbwa wangu ni fundi,” akasema.